Kuacha Mbachao: Tafakuri ya Mshahara, Kalamu na Kiinua Mgongo

Wahenga walipoonya kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao, hawakuwa na waandishi akilini. Hata hivyo, hakuna methali inayomwandama zaidi mtu aliyeamua kuiacha kazi ya mshahara ili aandike. Mbachao ni mkeka mkuukuu, uliochakaa kwa kukaliwa. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, ambao mwenyewe anapita nao tu. Yafaa izingatiwe kwamba methali haiukani uzuri wa msala. Inachosema ni kwamba msala huo una mwenyewe, na kwamba unapita. Anayeiacha kazi ili aandike hana budi, basi, kulijibu swali ambalo methali imekwisha kuliuliza: je, kalamu anayoikimbilia ni yake, au ni ya wapitao?

Swali hili lina uzito wa pekee katika mahali kama Mwingi. Mji huu umekaa kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kupitia Thika na kuelekea Garissa. Ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Kitui, ukapewa wilaya yake katika miaka ya tisini, na tangu mwaka 2013 umo katika Kaunti ya Kitui. Ni nchi ya asali, pojo, wimbi na mtama, na ni nchi ya ukame. Mvua zake ni mbili kwa mwaka, na ile inayoanza mwezi wa Oktoba ndiyo inayotumainiwa zaidi na mkulima. Mto Tyaa, kama ilivyo mito mingi ya Ukambani, huwa ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mwenye kutaka maji hana budi kuyachimba humo mchangani. Katika nchi ya namna hiyo mshahara wa mtu aliye Nairobi si malipo ya mtu mmoja. Ni mvua ya tatu. Hunyesha kila mwisho wa mwezi, haitegemei mawingu, nao wanaoingojea ni wengi kuliko jina lililoandikwa kwenye hati ya malipo.

Msomaji na amfikirie mtu mmoja wa huko, mwenye umri wa miaka arubaini na mitano, aliyetumika miaka ishirini katika kampuni ya bima jijini Nairobi. Amepanda vyeo, amepewa ofisi yenye dirisha, amepewa gari. Kisha siku moja ya Ijumaa anarudisha funguo, anatia sahihi karatasi za kukabidhi, na juma linalofuata anashuka Mwingi akiwa na sanduku la vitabu. Ameamua kuandika. Mama yake, kwa Kikamba chao, anamuuliza swali la kwanza, nalo ni la neno moja tu: amefutwa? Anajibu kwamba hakufutwa, ameacha mwenyewe. Mama ananyamaza kidogo, kisha anauliza la pili: "Mwanangu, mtu huuacha mshahara akaenda wapi?"

Ni rahisi kwa msomi kulicheka swali hilo, au kulihesabu kuwa ni la mtu asiyejua thamani ya sanaa. Kwa hakika ni swali la mtu anayejua hesabu. Ndani ya mshahara uliokoma mna karo ya mpwa aliye kidato cha tatu, mna mabati ya nyumba iliyosimama nusu, mna dawa ya shinikizo la damu inayonunuliwa kila mwezi, mna michango ya matanga na harusi ambayo haina mwisho. Aliyeuacha mshahara ameviacha vyote hivyo kwa pamoja, hata kama hakuwa na nia hiyo. Fasihi yetu imezoea kumsawiri msanii kama mtu anayepambana na dola: anapigwa marufuku, anafungwa, anahamia ughaibuni. Picha hiyo ina ukweli wake, na imelipiwa kwa damu. Lakini imemfunika msanii mwingine, aliye mwingi zaidi kwa idadi, ambaye adui yake si askari bali ni orodha ya karo. Huyu hana shujaa wa kumtaja wala siku ya kumkumbuka. Anaposhindwa, hakuna anayejua kwamba palikuwa na vita.

Ukambani una historia ya watu waliotoka kutumikia wengine wakarudi na kitu mikononi. Mashuhuri miongoni mwao ni Mutisya wa Munge wa Wamunyu, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alijifunza uchongaji wa vinyago kwa Wazaramo, akarudi nao nyumbani, na kutokana naye ukaenea ufundi ambao baadaye ulizilisha kaya nyingi. Inafaa mfano huo ukumbukwe kwa sababu moja: Mutisya hakurudi na ufundi tu, alirudi na ufundi uliopata soko. Kinyago kilinunuliwa na mgeni aliyepita. Kitabu, kwa upande wake, sharti kinunuliwe na jirani, na jirani huyo ndiye yule yule aliyekuwa akiingoja mvua ya tatu. Hapa ndipo tatizo la mwandishi linapotengana na la mchongaji.

Katika ukanda huo huo, mtu aliyelikabili tatizo hili waziwazi kuliko wengine ni David Maillu. Alizaliwa mwaka 1939 huko Kilungu, ambako leo ni Kaunti ya Makueni, na sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa kujisomea mwenyewe. Kuanzia mwaka 1964 hadi 1973 aliajiriwa na Sauti ya Kenya kama msanii wa michoro. Ilikuwa kazi ya heshima katika taasisi ya taifa changa, na aliyeipata hakutazamiwa kuiacha. Mwaka 1972, angali mwajiriwa, alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Comb Books, na miongoni mwa vitabu vyake vya mwanzo kimo Ki Kyambonie, mkusanyiko wa methali za Kikamba. Mwaka uliofuata aliacha kazi. Mfuatano wa matukio haya una maana. Maillu hakuuacha mbachao akaufuata msala wa mpita njia. Aliufuma msala wake kwanza, kisha akasimama.

Vitabu vilivyomtangaza vilikuwa vidogo kwa umbo na vya bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliweza kuimudu. Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle vilitoka mwaka 1973, na After 4.30 ikatoka mwaka 1974. Kwa mtu anayechunguza uhusiano wa mshahara na kalamu, jambo la kwanza la kutazamwa katika vitabu hivi ni kwamba mwandishi aliyeiacha ofisi hakuiacha nyuma. Mhusika wa Unfit for Human Consumption ni mtumishi wa serikali anayeuponda mshahara wake katika anasa za jiji hadi anajiua. Jina la After 4.30 ni saa: ni saa kumi na nusu ya jioni, ofisi zinapofungwa, na yanayoanza baada ya hapo baina ya mkubwa na karani wake ndiyo maudhui ya utungo mzima. Hakuna aliyeweza kuitunga kazi hiyo ila mtu aliyepata kuitazama saa ya ukutani akiisubiri ifike kumi na nusu. Ofisi ilikuwa imemlipa Maillu mara mbili: mara ya kwanza kwa mshahara, na mara ya pili kwa tajriba.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Maillu alipomwacha mwajiri mmoja alijipatia mwingine, naye ni msomaji anayenunua. Mchapishaji anayekula kwa vitabu vyake mwenyewe hana ruzuku, hana mwisho wa mwezi, na hana mkubwa wa kumlalamikia. Ikiwa wasomaji wanapenda habari za ulevi na mapenzi ya siri, njaa itamshauri awaandikie hayo. Wahakiki wa vyuo vikuu, Chris Wanjala wa Nairobi akiwa miongoni mwa waliosikika zaidi, waliishutumu vikali fasihi pendwa ya miaka ile, wakaiona kuwa ni takataka inayoharibu ladha ya umma. Mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vya Comb Books. Kabla ya muongo huo kwisha kampuni yenyewe ilikuwa imeanguka, na mwandishi akalazimika kuanza upya kwa jina jingine la uchapishaji.

Shutuma za wahakiki hazikukosa msingi. Yamo katika vitabu hivyo mambo yaliyoandikwa kwa haraka, na namna wanavyosawiriwa wanawake inastahili kuhojiwa hata leo. Pamoja na hayo, kuna jambo ambalo uhakiki wa wakati ule haukulitamka. Mhakiki naye ni mtu wa mshahara. Aliyekuwa akiuhukumu mkeka wa Maillu alikuwa ameketi juu ya mbachao wake mwenyewe, ulioandikwa mkataba na kuhesabiwa miaka ya kustaafu. Alikuwa na haki ya kudai usanii wa juu, lakini alidai usanii huo kwa mtu ambaye chakula chake cha jioni kilitegemea mauzo ya asubuhi, na hakuiingiza tofauti hiyo katika hesabu yake. Uhakiki unaochunguza itikadi ya mtunzi, tabaka lake na historia yake, lakini usiulize alikula nini siku alipoandika, umeacha nusu ya kazi. Hili si ombi la kumhurumia mwandishi. Kitabu kibovu ni kibovu hata kama kimeandikwa kwa njaa. Ni ombi la kukijua chanzo cha ubovu, maana ubovu utokanao na uvivu na ubovu utokanao na haraka ya kulipa kodi ya nyumba haviponyeshwi kwa dawa moja.

Maillu mwenyewe alitoa jibu kwa muda, si kwa mabishano. Mwaka 1991 ilitoka Broken Drum, riwaya ya zaidi ya kurasa elfu moja inayoipitia historia ya Wakamba kizazi baada ya kizazi. Kazi ya ukubwa huo haiandikwi kwa dakika zinazoibwa mezani pa mwajiri. Inadai miaka, na miaka hiyo sharti ilipiwe na mtu. Katika hali ya Maillu, sehemu ya malipo yake ilikuwa ni vile vitabu vidogo vilivyodharauliwa. Mhakiki anayeisifu riwaya kubwa na kuvitupa vitabu vidogo anakula matunda huku akiulaani mti.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuifanya njia ya Maillu kuwa njia pekee. Upo mfano mwingine, na katika fasihi ya Kiswahili ndio ulio mkubwa kuliko yote. Shaaban Robert aliingia utumishi wa serikali ya kikoloni mwaka 1926, akawa karani wa forodha kwa miaka kumi na minane, kisha akahamishwa idara moja hadi nyingine, na alitumika hadi ilipobaki miaka michache tu kabla ya kifo chake mwaka 1962. Hakuuacha mbachao. Aliandika kabla ya kazi na baada ya kazi, na ukarani ukaingia katika maandishi yake kwa njia isiyoonekana upesi: katika mpangilio, katika uwiano wa sentensi, katika tabia ya kulipima kila neno kana kwamba litakaguliwa. Wapo wanaosema kwamba angalikuwa huru angaliandika zaidi. Huenda. Lakini yawezekana pia kwamba mshahara mdogo wa karani ulimpa uhuru ambao Maillu aliukosa, yaani uhuru wa kuandika asichohitaji kukiuza.

Basi mifano hii miwili inasimama ikitazamana. Mmoja alikuwa na saa chache lakini hakuwa na mnunuzi wa kumwamuru. Mwingine alikuwa na siku nzima lakini soko lilikuwa limesimama mlangoni. Anayeiacha kazi akidhani kwamba anatoka utumwani na kuingia uhurini hajausoma vizuri mfano wowote kati ya hiyo miwili. Anatoka katika deni moja na kuingia katika jingine. La muhimu ni kujua deni lipi analiweza.

Mtu wetu wa Mwingi, akiwa ameketi na karatasi mbele yake, atagundua deni ambalo hakulitarajia, nalo ni la lugha. Kwa miaka ishirini ameandika ripoti na barua kwa Kiingereza cha ofisi, lugha ambayo kazi yake ni kuficha mtenda: makosa hufanyika, hatua huchukuliwa, wafanyakazi hupunguzwa, na hakuna anayefanya, anayechukua wala anayepunguza. Anapogeukia Kiswahili, ukungu huo humfuata. Sentensi zake za kwanza zinafanana na tangazo la mkutano. Wahusika wake hawali wala hawacheki, bali wanajulishwa. Itamchukua muda mrefu kujifunza tena kwamba mama alikohoa, kwamba mbuzi aliingia shambani, kwamba fulani aliiba na jina lake ni hili. Kazi ya mwanzo ya mwandishi aliyetoka ofisini, kwa hiyo, si kutafuta visa. Ni kumrudisha mtenda katika sentensi.

Na Kiswahili chenyewe, je, ni chake? Mwingi si Lamu wala Mombasa. Lakini hakuna mwenye haki ya kusema kwamba lugha hii ni ngeni huko. Wakamba walikuwa wakisafirisha pembe hadi pwani tangu zamani, na Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 aliipita njia iliyokwisha kukanyagwa na misafara ya biashara, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pande hizo. Kiswahili kilipanda kuja bara pamoja na misafara hiyo, na waliokipandisha hawakuwa watu wa pwani peke yao. Mkamba anayeandika Kiswahili anaichukua lugha ambayo babu zake waliibeba pamoja na pembe. Hata hivyo, aliyemuuliza "umeenda wapi" aliuliza kwa Kikamba. Maillu alilijua jambo hili. Alianza na methali za Kikamba, akaandika Kiingereza, na baadaye, katika Without Kiinua Mgongo ya mwaka 1989, akathubutu kuchanganya Kiingereza na Kiswahili katika kitabu kimoja, kama watu wa Nairobi wanavyochanganya midomoni. Wapo waliouona mchanganyiko huo kuwa ni uharibifu. Unaweza pia kusomwa kama kukiri: kwamba mtu aliyeishi katika lugha tatu hana moja inayoyatosha maisha yake yote.

Jina la kitabu hicho linastahili kutuliwa. Kiinua mgongo ni malipo anayopewa mtu anapomaliza utumishi. Katika miaka ya tisini, chini ya marekebisho ya uchumi yaliyohimizwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, serikali ya Kenya iliwashawishi maelfu ya watumishi wake wa ngazi za chini wastaafu mapema kwa hiari, na neno hilo likasikika vijijini kuliko wakati mwingine wowote. Ni neno lenye picha kamili. Linamwona mfanyakazi kama mtu aliyeinama miaka yote, jembe au kalamu mkononi, na malipo ya mwisho kama mkono unaomsaidia kunyooka. Lugha ya Kiswahili, kwa neno hili moja, imekiri jambo ambalo mikataba ya kazi haikiri: kwamba ajira humpinda mtu, na kwamba anayempinda mwenziwe ana wajibu wa kumwinua.

Mwandishi hana wa kumpa kiinua mgongo. Hakuna idara inayohesabu miaka yake. Maillu aliikosa idara hiyo tangu siku alipoondoka Sauti ya Kenya, na waandishi wetu wengi wameikosa hadi siku za mazishi yao, ambapo hotuba ndefu hutolewa na watu ambao hawakuwahi kununua kitabu chao hata kimoja. Ikiwa jamii ya wasomi ina jambo la kufanya, si kumwambia mtu wa Mwingi arudi kwenye bima, wala si kumsifu kwa ujasiri wake kisha kumwachia mama yake hesabu. Ni kukinunua kitabu, kukisoma, kukifundisha na kukihakiki kwa ukali na kwa ukweli mwandishi angali anapumua. Uhakiki wa namna hiyo haulipi karo. Lakini humfanya aliyeinama ajue kwamba kuna mtu anayemtazama akiwa kazini.

Kuhusu swali la mama, huenda jibu lisipatikane kwa maneno. Wakati wa kiangazi, kule Tyaa, mwenye kutaka maji huchimba mchangani kwa mikono na kwa kibuyu au sufuria, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maji ya kwanza huwa ya matope. Huchotwa na kumwagwa, yakachotwa tena na kumwagwa, hadi yanapotakata. Anayepita juu darajani na basi la Garissa humwona mtu aliyeinama katika mto mkavu na huenda akadhani amepoteza kitu. Mama yake hangedhani hivyo, kwa kuwa amechimba huko maisha yake yote. Iko siku ataketi kivulini na kumwambia mwanawe amsomee alichokiandika. Naye mwana, akiwa na kurasa za Kiswahili mkononi, itambidi amsomee kwa Kikamba, sentensi baada ya sentensi. Palipo na mtenda, ataweza. Palipo na ukungu wa ofisi, atakwama, na mama atamuuliza: "Nani alifanya hivyo?" Huyo atakuwa mhakiki wake wa kwanza, na hapana shaka atakuwa mkali kuliko wote.